Lori Lililotusikia

Jumatatu, 6 Machi 1978. Busia

Bi Zaitun amenipa daftari hili na kuniambia niandike kila kazi nitakayoifanya kwenye redio yake, maana wale waliompa leseni wanaweza kuja kukagua siku yoyote. Mimi sijawahi kuandika kazi yangu mahali. Marehemu baba yangu, mzee Chande, alikuwa fundi wa taa za ishara kwenye reli pale Malaba, na alinifunza kwamba kazi ya fundi hukaa kichwani mwake na huzikwa naye. Alikuwa akifanya kazi amewapa watu mgongo, na mimi nafanya hivyo hivyo. Lakini mwenye mali ndiye mwenye amri, basi naandika.

Bi Zaitun ana malori mawili. Hili tunalolishughulikia ni Bedford la kijani, linabeba sukari, chumvi na saruji kutoka stesheni ya Malaba kwenda maduka ya Samia, Funyula mpaka Sio Port. Masika ya mwaka jana lilikwama siku nne na hakuna aliyejua liko wapi. Ndipo akaagiza redio za kuitana kutoka Nairobi, moja ya ofisini na moja ya lori. Ya ofisini atakaa nayo mpwa wake Hasina. Mlingoti wake tumeusimamisha Jumamosi, futi sitini za bomba, na nusu ya Busia ilikuja kutazama kama watu ambao hawajawahi kuona bomba.

Dereva ni Wesonga, mtu wa Funyula, miaka kumi na tisa kwenye usukani. Haipendi redio. Hajasema, lakini ameizunguka mara tatu ikiwa bado ndani ya sanduku.

Jumatano, 8 Machi

Leo nimetoboa paa la kichwa cha lori. Wesonga alisimama chini, mikono kifuani.

"Fundi, hiyo shimo itaingiza maji."

"Haitaingiza."

"Hii gari haijawahi tobolewa hata siku moja."

Nikaendelea na drili. Nilipomaliza nilichukua tupa na msasa, nikakwangua rangi kuzunguka tundu mpaka chuma kikang'aa, duara la ukubwa wa kisahani cha chai. Hapo ndipo alipopanda gurudumuni akachungulia.

"Sasa hii rangi unatoa ya nini? Si utaleta kutu?"

Nikageuka nikampa mgongo. "Wewe endesha, mimi nifunge," nikamwambia.

Sababu naiandika hapa kwa ajili ya wakaguzi. Antena ni nusu tu ya kazi, nusu ya pili ni paa lenyewe. Kitako cha antena lazima kiing'ate chuma kitupu, la sivyo sauti inakosa pa kukanyagia na hairuki. Mtu mwingine hana haja ya kujua hilo.

Alhamisi, 9 Machi

Kebo. Hii ni kazi ya adabu kuliko nguvu. Haitaki kukunjwa kwa pembe kali, haitaki kubanwa na mlango, haitaki joto la ekzosi, na ukiifunga pamoja na waya wa jenereta italia mluzi siku nzima. Nimeishusha kutoka paani kwa nyuma, chini ya kitambaa cha dari, ikafuata nguzo ya mlango, ikapita kwenye tundu nililolivika mpira, ikaingia chini ya kiti. Hakuna atakayeiona. Nilijisikia vizuri sana.

Chini ya kiti cha Wesonga nimekuta vitambaa vitatu vimekunjwa, kopo dogo la rangi ya kijani na brashi iliyofungwa kwa gazeti. Nikamcheka. Nikamwambia mkewe Zilpa ana mke mwenza wa tani saba. Hakucheka.

Jumamosi, 11 Machi

Redio imesema. Hasina ofisini, mimi ndani ya lori nje ya mji, njia ya Funyula. Sauti safi. Bi Zaitun naye alijaribu. Yeye hushika kile kidude cha kusemea kama anayeshika kuku asitoroke. Hakiachii hata akimaliza kusema, na kidole kikiwa bado kwenye kitufe wewe wa upande wa pili unasikia kila kitu, hata akimwambia Hasina afunge mlango. Nimemweleza. Amesema ameelewa.

Jumanne, 14 Machi

Mvua ya kwanza ya haja. Paa la lori halikuvuja. Nilihakikisha Wesonga ananiona nikilitazama.

Jumatatu, 20 Machi

Tatizo jipya: Wesonga hawezi kusema jambo kabla ya kusalimu. Hasina anaita, anataka kujua lori liko wapi, na Wesonga anaanza. "Hasina, mumeamkaje? Mama Zaitun ameamka? Fundi Edris na nyumba yake? Kwenu mvua imenyesha? Sisi huku imenyesha kidogo." Halafu anangoja ajibiwe kila moja. Ndivyo walivyo watu wa kwao, mtu hakutani na mtu akamwaga shida yake kama maji ya kunawia. Leo Bi Zaitun amempokonya Hasina kidude na kusema, "Wesonga, hapa si matangani. Sema uko wapi, basi." Halafu: "Niko Funyula."

Tangu hapo anasema mahali alipo na kunyamaza. Kusema kweli, ofisi imepoa.

Jumanne, 28 Machi

Pasaka imekwisha. Lori lilipumzika siku nne hapa uani na leo limetoka limepakwa rangi upya, linang'aa kama kiatu cha harusi. Paulinus mchoraji amerudia hata maandishi ya juu ya kioo, WIVU WA NINI, manjano kwa nyekundu. Wesonga amemlipa kwa mfuko wake mwenyewe. Wazimu.

Jumanne, 4 Aprili

Hasina anasema Wesonga akishapita mji kidogo hasikiki. Nimeipima redio hapa uani jioni, inasikika vizuri kabisa. Labda ni vilima. Labda ni Wesonga.

Ijumaa, 7 Aprili

Mvua. Hasina: "Hajajibu tena." Bi Zaitun: "Hataki nijue anasimama wapi." Nikaendelea na kazi yangu.

Jumatano, 12 Aprili

Lori limeondoka asubuhi na magunia mia ya sukari ya Sio Port. Saa sita mbingu zikafunguka. Tangu saa tisa Hasina anaita kila nusu saa. Hakuna jibu.

Alhamisi, 13 Aprili

Naandika haya baada ya magharibi na bado hakuna habari.

Wamekuja watu kwa baiskeli wanasema kijito cha chini ya Funyula kimevunja kingo, magari hayapiti huku wala huku. Bi Zaitun hajakaa chini tangu asubuhi. Namfahamu miaka mingi. Alirithi lori moja bovu kwa marehemu mumewe na watu wakamcheka, mwanamke na malori. Kila gunia linalopotea anaona ni wale wale wanaomcheka. Saa kumi alikishika kile kidude mwenyewe.

"Wesonga. Wesonga, mimi Zaitun. Kama uko hai jibu. Kama umeuza sukari yangu, jibu pia."

Hakukuja jibu. Akanigeukia, kidude kingali mkononi.

"Fundi, wewe ndiye uliyeifunga. Ni nzima au si nzima?"

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Wapagazi, wenye maduka, hata imamu alikuwa amepita kuuliza habari. Wote wakanitazama. Nikaona jina langu liko pale mezani, kando ya ile redio.

"Redio yangu ni nzima, Bi Zaitun," nikasema. "Kisichosema ni mtu."

Mtu mmoja akacheka. Bi Zaitun akatikisa kichwa polepole, akasema, "Mwizi. Miaka sita amekula kwangu, kumbe mwizi." Ndipo akakiweka kidude chini.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Maimuna, mke wangu, jibu langu. Nilidhani atalipenda. Akaniuliza, "Na huyo mtu kama amekufa?" Nikamwambia asinitie nuksi.

Jumamosi, 15 Aprili

Lori limerudi leo adhuhuri, limevutwa na trekta ya misheni mpaka barabara kuu. Wesonga alishuka, tope mpaka kiunoni, macho mekundu. Alikuwa amelala juu ya magunia siku tatu. Safu ya chini ya sukari imeyeyuka yote, na magunia kumi na moja hayapo. Anasema maji yalifungua ubao wa nyuma yakayachukua.

Bi Zaitun alimngoja uani, watu wamezunguka.

"Kwa nini hukuita?"

"Niliita, mama. Niliita mpaka betri ikaanza kuchoka."

"Na sisi tulikuita. Hukutusikia?"

Wesonga akafuta uso kwa kiganja. Mtu yeyote mwenye hila angesema hakusikia kitu, redio ilikufa, yakaisha.

"Nilikuwa nawasikia," akasema.

Wapagazi wakasogea karibu.

"Ulitusikia?"

"Nilisikia mama. Nilisikia yote."

"Kama ulisikia, basi redio ilikuwa nzima. Kwa nini hukujibu?"

Wesonga akanitazama mimi. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake aseme neno. Mimi nikapanda ndani ya lori, nikaibonyeza redio, nikamwita Hasina aliyekuwa hatua thelathini kutoka pale, na sauti yake ikanijibu safi kama kengele. Nikashuka.

Wesonga akatoa ufunguo mfukoni, akaupangusa tope kwa shati, akampa Bi Zaitun kwa mikono miwili. Halafu akaenda nyuma ya lori na kitambaa chake kimoja akafuta tope kwenye kibao cha namba, na akaondoka kwa miguu.

Jumatatu, 17 Aprili

Dereva mpya ni Omoding wa Amagoro. Kijana mtulivu. Lori liko gereji, breki zimejaa mchanga.

Ijumaa, 21 Aprili

Mvua. Sina la kuandika.

Jumatano, 26 Aprili

Nataka kuandika haya kama yalivyokuwa, hata kama wakaguzi hawatakuja kamwe.

Leo Paulinus alikuwa uani akirekebisha milango iliyokwaruzwa na matawi mle kwenye mafuriko. Mimi nafunga taa. Akasema, bila nia yoyote, brashi iko mdomoni:

"Fundi, ile kidonda uliacha huko juu, sisi tuliitibu Pasaka."

"Kidonda gani?"

"Kwa antena. Ilikuwa imeanza kutu, nyekundu yote inateremka kwa kioo. Wesonga akafungua nati yako mwenyewe, polepole, kila kitu akipanga kwa kitambaa ili ajue ya kwanza na ya pili. Mimi nikapiga rangi ya kuzuia kutu, halafu kijani mara mbili. Ikakauka vizuri, akafunga tena. Aliniambia kutu ikianza kwa paa, gari imekwisha."

Nilingoja mpaka akaenda kula. Nikapanda, nikafungua nati. Chini ya kitako cha antena palikuwa na rangi ya kijani laini, nzuri, nzito. Kazi safi kuliko yangu. Antena ilikuwa imekaa juu ya rangi kama mtu aliyekalia mto, haigusi chuma popote.

Nilikaa juu ya paa lile kwa muda. Nilijua kila kitu kwa mara moja, na kibaya ni kwamba nilikuwa nakijua siku zote. Redio ya namna hiyo husikia lakini haisikiki. Mlingoti wetu ni mrefu na mashine yetu ina nguvu, kwa hiyo sauti yetu ingemfikia hata kwa antena iliyolemaa. Yake isingetoka. Uani, hatua thelathini, hata waya wa kuanikia nguo ungefanya kazi. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angelijua hilo. Wesonga aliposema "nilikuwa nawasikia" alikuwa ananipa jawabu mkononi, na mimi nikalitumia kumfunga.

Na ile kutu nayo ni yangu. Ningepaka grisi pembeni ya kitako siku ile ile, kutu isingeshuka kwenye kioo chake. Ningemjibu swali lake, asingepaka rangi. Aliuliza swali la mtu anayependa gari lake na nikampa mgongo.

Haya ndiyo niliyoyafanya baadaye. Nilichukua tupa, nikakwangua rangi yote, nikapaka grisi pembeni, nikakaza nati, nikafuta unga wa rangi kwa mkono, nikashuka. Paulinus aliporudi nilikuwa nafunga taa.

Jumatano, 3 Mei

Omoding amesikika mpaka Sio Port, kila neno. Hasina amepiga makofi. Bi Zaitun akanitazama akasema mbele ya watu, "Mmeona? Fundi alisema. Kisichosema kilikuwa mtu."

Maneno yangu mwenyewe yamerudi kwangu kama chakula kilicholala. Nilitabasamu. Nikaenda msikitini mapema.

Ijumaa, 5 Mei

Omoding anasikika.

Jumatatu, 8 Mei

Omoding anasikika vizuri. Kila anaposikika, Wesonga ni mwizi zaidi.

Alhamisi, 11 Mei

Nasikia Wesonga aliomba kazi kwa mwenye malori mmoja wa Malaba. Alikataliwa. Habari zilimtangulia.

Maimuna ameniuliza ninaumwa nini, maana napekua wali kama kuku mgonjwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Nimemwambia yote. Hakunikemea, na ningependa anikemee. Akasema tu, "Basi nitakupigia pasi kanzu. Utaenda lini?"

Jumapili, 14 Mei. Nimerudi kutoka Funyula

Nilimkuta Wesonga anapalilia pamba na Zilpa. Niliposimama ukingoni mwa shamba alinyoosha mgongo, akaweka jembe chini na kuja kunipa mkono. Akanisalimu salamu zote, Maimuna na watoto mmoja mmoja, mvua ya Busia, afya ya Bi Zaitun. Nilijibu zote. Nilikuwa nimeanza kusema jambo langu, Zilpa akanikatiza.

"Mgeni haongei na njaa, baba."

Akaleta jogoo amemshika miguu, na kisu, akanipa mimi. Huo ndio utaratibu wa nyumba za huku akifika Mwislamu, unapewa kisu uchinje mwenyewe ili ule kwa amani. Nimeshawahi kufanyiwa hivyo mara nyingi na sikuwahi kuwaza. Leo nilishika kisu kile nyumbani kwa mtu niliyemnyang'anya kazi, na yeye amenishikia mabawa ya jogoo wake. Bismillahi niliisema, lakini ilitoka taratibu.

Nilimwambia kabla ya chakula kuiva. Sikuweza kula kwanza.

"Nimekuja kwa ajili ya antena. Ilikuwa ni rangi. Ile mliyopaka wakati wa Pasaka. Antena haiwezi kutuma sauti kama haigusi chuma, ndiyo maana nilikwangua. Uliniuliza na sikukujibu."

Akafikiri. "Kumbe ni mimi niliharibu."

"Hapana. Ni mimi. Wewe ungejua usingepaka."

"Na sasa Omoding anasikika?"

"Anasikika. Nimeikwangua wiki mbili na zaidi zilizopita. Kimya kimya."

Zilpa aliacha kukoroga sufuria. Kisha Wesonga akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Fundi, mimi nilisikia nyinyi siku zote hizo. Unajua ile siku ya pili? Maji iko kwa magurudumu, sukari inalia chini kama chumvi kwa moto. Nikasikia mama anauliza kama nimeuza. Nikasikia anauliza wewe. Nikasema, haya, sasa fundi atasema. Fundi anajua. Nikashika hii kitu, nikabonyeza mpaka kidole ikakufa, nasema, fundi, mimi niko hapa, niko hapa chini ya Funyula. Halafu nikasikia wewe. Kisichosema ni mtu."

Sikuwa na pa kuweka macho.

"Nikasikia mtu akacheka," akasema. "Na mama akaniita mwizi."

Kile kidude. Hakukiachia kitufe. Mimi nilikuwepo, nilikiona mkononi mwake, na mimi ndiye niliyemfundisha namna ya kukishika.

"Kwa nini hukusema pale uani, mbele ya watu?"

"Niseme nini? Nimwambie mama mbele ya wapagazi wake, wewe uliniita mwizi nikasikia? Ile ni kumvua nguo. Nilikuwa nangoja wewe."

Nililia. Naandika kwa sababu ni kweli. Mwanamume wa miaka arobaini na tatu na kanzu ya pasi. Zilpa alinipa maji ya kunawa uso kama anavyowapa wageni wote.

Tulikula. Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia neno moja tu juu ya kazi. "Nikirudi kwa ile gari, utafungua kila kitu mbele yangu. Hutanipa mgongo."

Jumatatu, 15 Mei

Nimemwambia Bi Zaitun. Nilimwomba Hasina abaki, kwa sababu nilisema uongo mbele ya watu na sikutaka kusema ukweli peke yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimekuja na mkoba wangu wa vifaa ili nisirudi kuuchukua. Hakuuliza habari ya rangi wala ya sukari. Aliuliza kitu kimoja.

"Alinisikia nikisema lile neno?"

"Alisikia."

"Lote?"

"Lote, Bi Zaitun."

Akainuka, akakitazama kile kidude juu ya meza, akaingia ndani na kufunga mlango. Sijui kama nina kazi.

Ijumaa, 19 Mei

Mvua imepungua. Hajaniita.

Jumatano, 24 Mei

Ameniita. Omoding atapewa lile lori la pili. Amemtuma Hasina kwenda Funyula na ufunguo, na amesema ampe Wesonga kwa mikono miwili. Mimi amenitazama muda mrefu, akasema, "Na wewe utasema pale uani, mbele ya wale wale." Nikasema, mbele ya wapagazi wote.

Nimesema leo alasiri. Hakuna aliyecheka. Yule aliyecheka mwezi wa nne alikuwepo, akawa anatazama viatu vyake.

Alhamisi, 1 Juni

Baba anisamehe. Leo nimefungua kazi yangu yote mbele ya mtu mwingine.

Wesonga alikaa juu ya paa upande wa pili wa antena, tumetazamana. Nilifungua nati nikampa ashike. Nikamwonyesha kwa nini chuma kitupu, na namna grisi inavyozuia kutu bila kuziba njia. Tukateremka, nikatoa kitambaa cha dari na kumwonyesha kebo inavyopita, wapi isibanwe, wapi isikunjwe, kwa nini niliitenga na waya wa jenereta. Aliuliza maswali. Mengine sikuwa na majibu yake na nikasema sina. Akaniambia kebo ingepita upande wa kushoto ingekuwa mbali zaidi na joto, na ni kweli, kwa sababu yeye ndiye anayekaa pale na anajua mahali miguu inapoungua. Tumeihamisha.

Mwisho akaifunga antena yeye mwenyewe. Aliikaza kwa spana, kisha kwa mkono. Akakitazama kile kiduara cha chuma kilichobaki wazi pembeni, nikaona kinamuuma.

"Hii hatupaki?"

"Hatupaki. Tunapaka grisi kila mwezi."

"Sawa," akasema. "Nitapaka kila wiki."

Jumamosi, 3 Juni

Jua kali, barabara imekauka. Wesonga ameondoka alfajiri na chumvi ya Sio Port. Bi Zaitun alikuwa ofisini kabla ya Hasina, na mimi nilijifanya nina kazi kwenye mlingoti.

Saa tatu redio ikakohoa. "Ofisi. Niko chini ya Funyula. Mwisho." Hivyo tu, kama alivyoamriwa mwezi wa tatu.

Hasina akanyoosha mkono kuchukua kidude, lakini Bi Zaitun alikuwa ameshakichukua. Alikishika kwa vidole viwili. Akakibonyeza, tukasikia pumzi yake mwenyewe. Ndipo akasema:

"Wesonga, mumeamkaje?"

Akaachia kitufe. Niliona kidole chake kikiinuka kabisa, kimesimama hewani.

"Tumeamka salama, mama."

"Zilpa ameamka?"

"Ameamka."

"Pamba yenu imeonaje mvua?"

"Imelala kidogo upande wa chini. Itasimama."

"Na watoto, na wazee wa hapo?" Alikuwa akibonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia, bila kukosea hata mara moja. Aliuliza mpaka habari ya ng'ombe. Wapagazi walikuwa wamesimama mlangoni na gari la Malaba linangoja kupakuliwa, na hakumharakisha mtu. Alipokwisha kuuliza vyote alibaki na kidude mkononi, midomo inatafuta neno, na neno halikuja.

Ni Wesonga aliyesema.

"Mama, mimi nakusikia. Wewe unanisikia?"

Akanigeukia mimi, macho yamejaa maji, kama siku ile alipouliza ni nzima au si nzima. Nikaitikia kwa kichwa. Akabonyeza.

"Nakusikia, Wesonga," akasema. "Endelea."